Joto la Ng'ombe na Joto la Mtu

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki wala kusema neno na mtu, fundi wa makochi alikaa kitandani na kipimajoto mdomoni. Shangazi wa mumewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akisubiri.

"Haya, lete nione."

Fundi alikitoa. Shangazi alikisogeza karibu na jicho, akakipeleka mbali, akakirudisha karibu.

"Bado. Vilevile kama jana. Nenda kazini."

Fundi alikwenda kazini. Hakwenda mbali, kwa sababu karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Mlango wake uliangalia barabara. Ndani yalijaa makochi ya watu, mengine yamevuliwa nguo mpaka mbao na springi zinaonekana. Mwanamke huyu alilijua kochi kwa kulikalia tu. Alikaa, akajitikisa, akasema, "Hili springi zimekatika upande wa kushoto, na sponji limechoka." Hakukosea. Watu wote walimwita Fundi, na hata nyumbani jina hilo ndilo lililokaa.

Mumewe aliitwa Fahali. Jina hilo alipewa na wafugaji. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Alizunguka na pikipiki, nyuma amefunga mtungi wa baridi kali wenye mbegu za madume bora. Mfugaji akimwona ng'ombe wake yuko kwenye joto, alimpigia simu. Fahali alifika, akavaa glovu ndefu mpaka begani, akafanya kazi yake kwa upole, akaondoka. Miezi tisa baadaye ndama alizaliwa.

"Fahali wa pikipiki huyo anapita!" watu walisema, naye alipiga honi.

Mazizi ya watu yalijaa ndama, lakini nyumbani kwa Fahali hapakuwa na mtoto. Mwaka wa kwanza wa ndoa ulipita, na wa pili ukaanza kwenda mbio. Mume na mke walikuwa bado vijana, tena wenye afya. Walipendana na kutaniana kutwa. Ila mtoto hakuja.

Hapo ndipo shangazi alipoingilia kati. Yeye ndiye aliyemlea Fahali tangu mdogo, na sasa aliishi nao. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mkubwa, na sauti kubwa zaidi ya moyo. Mara nyingi alimsikia Fahali akiongea na wafugaji kwenye simu: "Ana joto? Basi nipigie akiwa na joto. Bila joto hashiki mimba."

Shangazi alifikiri sana. Kisha akaenda dukani akanunua kipimajoto.

"Kumbe dawa tunayo humuhumu ndani," alimwambia Fundi. "Jike hashiki mimba bila joto. Kwa hiyo nitakupima kila siku. Joto likipanda, ndiyo siku yenyewe. Na mpaka siku hiyo ifike, mumeo atunze nguvu. Asije akazimaliza kabla ya wakati."

Fundi alimheshimu shangazi, na mtoto alimtaka. Akakubali.

Fahali naye aliambiwa jambo moja tu: "Haya ni mambo ya wanawake. Wewe ukiitwa, njoo." Aliona haya kumuuliza zaidi mtu aliyemwogesha utotoni. Kipimajoto alikiona mezani, akadhani ni cha homa.

Ajabu ni kwamba joto la Fundi lilipanda kweli. Kila mwezi, siku zikifika, lilipanda kidogo na kubaki juu. Shangazi alipiga kigelegele na kunyakua simu.

Siku moja alimpigia Fahali akiwa kazini, mkono mmoja umo ndani ya ng'ombe.

"Njoo nyumbani sasa hivi!"

"Shangazi, niko na mgonjwa... niko na ng'ombe!"

"Mwambie asubiri!"

Fahali alimaliza, akanawa, akaja mbio. Mlango wa karakana ulifungwa. Shangazi aliweka kiti nje akakaa kama mlinzi. Mteja akafika kuulizia kochi lake.

"Fundi yupo?"

"Yupo, ila ana kazi ya haraka."

"Kochi gani hilo la kufungiwa mlango mchana kweupe?"

"La watu wawili," shangazi alijibu bila kupepesa macho. "Rudi kesho."

Mambo yalikwenda hivyo miezi mingi. Kila mwezi shangazi aliita, Fahali alikuja, na baada ya wiki mbili hivi Fundi aliona damu yake kama kawaida. Kicheko kikaanza kupungua ndani ya nyumba. Kitendo kilichokuwa furaha yao kikawa kama zamu ya kazi. Siku nyingine zote walilala kila mtu upande wake, wakiogopa kuharibu mipango ya shangazi.

Jioni moja Fahali alirudi kutoka kituo cha maziwa bila kupiga honi. Alikaa juu ya kochi lisilo na sponji, springi zikamchoma, wala hakuinuka.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza. Alikuwa akigongea misumari kwenye mguu wa kiti.

"Wamenitania. Wanasema mbegu zangu zote nimezimalizia kwenye pikipiki."

"Watu wana midomo."

"Lakini labda ni kweli. Labda kasoro iko kwangu." Fahali aliinamisha kichwa. "Ukiamua kuniacha, sitakulaumu."

Fundi aliweka nyundo chini. Alikwenda akakaa kando yake, naye akachomwa na springi.

"Nikuache? Nikaanze upya kumfundisha mwanamume mwingine kuosha masufuria?"

Fahali alicheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Fundi alimshika mkono. Moyoni aliogopa. Aliona kwamba jambo hili likiendelea, litawamaliza wote wawili.

Wiki hiyo mama mmoja mfugaji aliwaita wote wawili kwa pamoja. Alikuwa na ng'ombe wa kupandishwa, na alikuwa na kochi la kuvishwa kitambaa kipya. Fundi akapanda pikipiki nyuma, mtungi wa baridi ukiwa ubavuni.

Kochi lilikuwa barazani, hatua chache kutoka zizini. Fundi alitoa futi yake akaanza kupima. Fahali aliingia zizini amevaa glovu, akamzunguka ng'ombe, akamkagua.

"Alianza lini?"

"Jana asubuhi," mama mfugaji alijibu. "Alipiga kelele, akawapanda wenzake, na wenzake wakimpanda anasimama tuli. Nikasema acha kwanza fujo ziishe. Leo katulia, ndiyo nikakuita."

"Aa, mama! Akishatulia tumechelewa."

"Tumechelewaje? Wewe si ulisema yai linatoka baada ya joto kuisha?"

"Nilisema. Lakini mbegu zinatakiwa ziwe zimeshatangulia. Watu wanadhani mbegu ni kama ufunguo, ukichomeka tu mlango unafunguka. Sivyo. Mbegu inapotoka kwa dume bado ni mbichi. Hata ukiiweka ubavuni mwa yai, haiwezi kuingia. Lazima kwanza ikae saa kadhaa ndani ya mwili wa jike. Humo ndimo inamoivishwa. Na yai nalo halina subira, muda wake ni mfupi. Ukiona dalili asubuhi, nipigie asubuhi hiyohiyo, nitakuja jioni. Mbegu zipate nafasi ya kuiva, yai likitoka lizikute tayari."

Futi ilimponyoka Fundi mkononi.

"Hebu rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Hiyo habari ya mbegu kutangulia. Ni ng'ombe peke yake?"

"Hapana, ni ng'ombe, mbuzi, panya. Wanyama wote wanaonyonyesha."

"Na mimi siku nikizaa, sitanyonyesha? Nitamlisha mtoto majani?"

Fahali alimwacha ng'ombe, akageuka kumtazama.

"Maana shangazi anatusubirisha mpaka joto lipande," Fundi aliendelea. "Ananipima kila asubuhi. Anasema wewe ndiye uliyesema jike hashiki mimba bila joto."

"Anakupima na nini?"

"Na kipimajoto!"

"Kile cha mezani? Jamani!" Fahali alijishika kichwa kwa glovu chafu. "Joto la ng'ombe si joto la kupima! Ng'ombe kuwa na joto maana yake anataka dume! Hata kama ni baridi ya kutetemesha meno!"

Mama mfugaji alicheka mpaka akajishikiza kwenye mgongo wa ng'ombe. Fundi alikaa chini barazani, machozi ya kicheko yakimtoka. Fahali alicheka mwisho kuliko wote, lakini alicheka zaidi.

Mama mfugaji alipopata pumzi alifuta macho. "Sasa nyinyi, mkitoka hapa nendeni kliniki. Huyu ni bingwa wa mazizi, lakini mtu ana mambo yake."

"Ni kweli," Fahali alisema. "Mimi najua ng'ombe. Ya watu tukaulize kwa wanaojua."

Kesho yake walikwenda kliniki. Shangazi alikataa kubaki nyumbani. Aliingia mbele yao, kipimajoto mkononi kama ushahidi wa mahakamani.

Mkunga alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani iliyoteleza puani. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Alijitahidi asicheke, akashindwa kidogo.

"Mama," alimwambia shangazi, "hukukosea yote. Joto la mwanamke kweli hupanda kidogo kila mwezi. Lakini linapanda wakati gani? Linapanda yai likiwa limeshatoka."

"Limeshatoka?"

"Limeshatoka. Na likitoka, linaishi kama siku moja tu, pengine pungufu ya hapo. Ukiliona joto limepanda, mara nyingi yai limeshakufa au liko njiani kufa."

Shangazi alikitazama kipimajoto kwa uchungu, kama rafiki aliyemsaliti.

"Nini kinalipandisha?" Fundi aliuliza.

"Homoni. Homoni ni kama ujumbe ambao sehemu moja ya mwili inatuma kwa sehemu nyingine. Unasafiri kwenye damu, ukifika unasema: wewe anza, wewe acha, wewe jitayarishe. Hii inaitwa projesteroni. Hutoka kwa wingi baada ya yai kuachiliwa. Inaandaa kizazi kipokee mimba, na inapandisha joto kidogo. Lakini ina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui."

Mkunga alichukua karatasi akachora duara kubwa, na pembeni vijidudu vyenye mikia.

"Hizi ni mbegu za mwanamume. Mumeo amekwambia zinaivia ndani ya mwili wa mwanamke, na ni kweli kwa watu pia. Mbegu ikitoka kwa mwanamume imefunikwa na vitu vinavyoituliza. Ikipita kwenye ute wa mwanamke, ikipanda kwenye kizazi, ikifika kwenye mirija, vile vitu vinaondoka kidogo kidogo. Hiyo inachukua saa kadhaa. Na haziivi zote kwa mara moja. Leo zinaiva hizi, baadaye hizi. Zile zinazosubiri zinaweza kuishi humo siku kadhaa, hata tano zikibahatika."

"Mwanamke amebeba jiko," shangazi alisema.

"Sasa yai linatoka. Limezungukwa na chembe ndogo nyingi, na chembe hizo zinatoa projesteroni. Mbegu iliyoiva ikikutana na homoni hiyo, inaamka. Mkia uliokuwa unapepea taratibu unaanza kuchapa kwa nguvu, kama mjeledi. Na pale kichwani mbegu ina kofia. Homoni inaitayarisha kofia hiyo ifunguke. Ndani yake mna vitu vya kulainisha ganda la yai. Kofia ikifunguka, mbegu inapenya. Moja tu. Iliyo mbichi, hata homoni imwagike juu yake, inakuwa kama mtu anayeitwa akiwa usingizini."

Fahali alikuwa ameegemeza viwiko mezani. "Kwa hiyo mwanamke hapokei tu."

"Hapokei tu hata kidogo. Anaivisha, kisha anaamsha. Ni kazi ya watu wawili, mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana wakikosa mtoto hatumtazami mmoja. Tunawapima wote."

"Na hizo nguvu nilizomwambia atunze?" shangazi aliuliza kwa sauti ndogo. Hakuna aliyewahi kumsikia na sauti ndogo.

"Mbegu zikikaa wiki nyingi bila kutoka, nyingi zinazeeka na kuchoka kuogelea. Hakuna haja ya kuzitunza. Mwili unatengeneza nyingine kila siku."

Shangazi aliweka kipimajoto mezani, akauliza, "Kumbe mimi ndiye niliyewachelewesha watoto hawa?"

Fundi alimshika bega. "Shangazi, ulitaka kutusaidia."

"Tena umetufaa," Fahali alisema. "Bila wewe tusingefika hapa."

"Wafanye nini sasa?" shangazi alimuuliza mkunga.

"Wasisubiri joto. Fundi aangalie ute unaomtoka ukeni. Siku za kuelekea yai kutoka, ute unakuwa mwororo, unateleza na kuvutika kama ute mweupe wa yai bichi la kuku. Hizo ndizo siku nzuri, mbegu zinapita bila shida. Wakutane siku moja ndiyo, siku moja hapana, au kila siku wakipenda. Na wasifanye kama wanaripoti kazini. Wafurahi."

Wote wawili walipimwa. Fahali aliingia kwenye chumba kidogo na kikopo, akatoka amenyong'onyea kwa aibu. Majibu yalipokuja, mbegu zake zilikuwa nyingi na zinaogelea vizuri. Fundi naye hakukutwa na tatizo.

"Siwaahidi muujiza," mkunga alisema. "Hata kwa watu wenye afya, mimba haishiki kila mwezi. Mkikaa nusu mwaka bila kitu, rudini tuangalie zaidi. Na mwaka wa kwanza ulipopita bure, mlitakiwa muwe mmeshakuja; mngekuwa na umri mkubwa, hata kabla ya hapo."

Shangazi alifunga mizigo siku hiyohiyo, akaenda kumtembelea dada yake.

"Sitaki kuona, sitaki kusikia, sitaki kupima," alisema. "Nikirudi nikute mnacheka."

Akawakuta wanacheka. Mwezi wa kwanza Fundi aliona damu, na aliumia, lakini hakulia. Wa pili vilevile. Ila nyumba ilikuwa imebadilika. Fahali alirudi mapema. Walipika pamoja, wakagombania redio, wakalala katikati ya kitanda. Hata kama mtoto angechelewa, wao wawili walikuwa wamesharudiana.

Halafu ikafika siku ya kupeleka kochi kubwa kwa mteja. Fahali alishika upande mmoja.

"Haya, beba huko."

"Leo sibebi," Fundi alisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umechoka?"

"Sijachoka. Harufu ya gundi imenishinda tangu juzi. Asubuhi nilipita kliniki."

"Wamesemaje? Wamekupa dawa?"

Fundi alimtazama akatikisa kichwa. "Wewe unayeijua mimba ya ng'ombe kwa kugusa tu, ya mkeo mpaka uandikiwe ukutani?"

Fahali aliachia kochi. Mguu mmoja wa kochi ulivunjika. Alimrukia mkewe, kisha akamwachia haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akaogopa kumgusa, kisha akamgusa tena. Shangazi alitoka jikoni kuona nini kimeanguka. Aliwatazama mara moja tu. Kigelegele alichopiga kiliwatoa majirani nje.

Habari ilifika kituo cha maziwa kabla ya maziwa. Wale waliomtania walikuja kumpongeza. Fahali hakuringa. Aliwaambia yote, bila kuona haya, mpaka ya kikopo. "Na mimi nilipimwa," alisema. "Sikupungukiwa kitu." Walicheka, lakini walisikiliza. Mmoja wao alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba za madumu. Wengine walipoondoka, alimuuliza kliniki inafunguliwa siku gani. Wiki iliyofuata Fundi alimwona akipita barabarani na mkewe, wamevaa vizuri, wanaelekea upande huo.

Mtoto alizaliwa asubuhi, msichana mwenye sauti ya shangazi. Mkunga alimfunga kwenye kitambaa safi akampa baba yake. Fahali, aliyevuta ndama wengi kuliko anavyokumbuka, alisimama kama mti, mikono imekakamaa.

"Shika kichwa," mkunga alimwelekeza. "Hivyo. Legeza mkono."

Fahali alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Uso wake ukaingia wasiwasi.

"Mbona miguu yake haina nguvu kabisa? Ndama wakati huu anakuwa ameshasimama."

Fundi alicheka kitandani mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya kanga yake.

"Huyu mpe mwaka," mkunga alisema.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka, au zaidi kidogo."

Fahali alikaa taratibu ukingoni mwa kitanda, binti yake mikononi, bega lake likigusa bega la mkewe.

"Hana haraka," alisema. "Na sisi tupo."